Laptopu ya Zamani Itapata Apdeti Hadi Lini? Mwongozo Kamili Kabla ya Kununua na Baada

Ukiingia duka lolote la laptopu za ex-UK pale Luthuli ama Moi Avenue, Nairobi, utaambiwa kila kitu: RAM ni 8, SSD ni 256, kibodi inawaka taa, chaja ni orijino, na ukilipa leo unaongezewa begi. Kitu hutaambiwa, na wengi hawaulizi, ni hiyo mashine itaendelea kupokea apdeti za usalama hadi mwaka gani. Na mimi naona hapo ndipo thamani yake ilipo, juu unaweza kupata laptopu mbili za kampuni moja, rangi moja, zimepishana mwaka mmoja tu kiwandani, na moja bado ina miaka mbele yake halafu ile ingine Microsoft ilishaifungia 14 Oktoba 2025.

Kwanza tuelewane apdeti ni ya nini, juu watu wengi wanaiona kama usumbufu wa kumaliza bandoli. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya mashimo ya usalama yaliyogunduliwa kwa Windows. Wezi wa mtandaoni nao wanasoma hivyo viraka, wanajua shimo liko wapi, wanatafuta mashine ambazo hazijazibwa. Mashine ambayo haipati apdeti tena haizimi na hailii, inaendelea kufungua Word na YouTube vizuri tu, lakini kila mwezi mashimo yanaongezeka na hakuna anayeziba. Sasa hapo ndipo unaingiza paswadi ya benki, ya eCitizen, ya iTax, na saiba nyingi za mtaani wateja kumi wanaingiza zao kwa mashine moja. Hiyo ndio shida, sio laptopu kuwa slo.

Hatua ya 1: Jua uko na mfumo gani, na toleo gani

Laptopu yenyewe haina tarehe ya mwisho. Tarehe ni ya mfumo, yaani Windows ama macOS, na kile kifaa kinaamua tu ni mfumo upi wa mwisho kinaweza kubeba. Ukishika hiyo, mengine yote yanakuwa rahisi.

Kwa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, piga Enter. Itatokea kiboksi kidogo chenye jina la Windows na herufi kama 22H2 ama 24H2. Hizo herufi usizipuuze.

Ukiona Windows 7, apdeti za kawaida ziliisha 14 Januari 2020. Windows 8.1 iliisha 10 Januari 2023, na Chrome ya mwisho kukubali zote mbili ilikuwa namba 109, kwa hivyo hata brauza yako imeganda hapo. Ukikuta duka ama ofisi bado inaingiza malipo kwa Windows 7, hiyo si mashine ya kuingia mtandaoni, ni hivyo tu.

Ukiona Windows 10, tarehe ni hiyo 14 Oktoba 2025, na toleo lake la mwisho ni 22H2. Kuna nafasi ya kuongezewa muda, nitaifikia.

Ukiona Windows 11 usishangilie mapema. Kila toleo la Windows 11 Home na Pro linahudumiwa miezi 24 tu. 23H2 liliisha 11 Novemba 2025, 24H2 mwisho wake ni 13 Oktoba 2026, 25H2 inaenda hadi Oktoba 2027. Mashine ambayo prosesa yake, yaani chipu kuu, iko kwa orodha ya Microsoft inapanda toleo jipya yenyewe bila malipo, lakini ile iliyolazimishwa Windows 11 na fundi inaweza kukwama kwa toleo la zamani na mwenyewe hajui, anaona tu imeandikwa 11 anadhani mambo ni sawa.

Hatua ya 2: Soma prosesa, usisome stika

Hapa tukae kidogo, ndipo pesa nyingi hupotea. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 Microsoft iliweka masharti: RAM kuanzia GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, Secure Boot (kinga inayohakikisha mashine inawaka na mfumo halali), na prosesa iwe kwa orodha yao. Hayo mengine unaweza kurekebisha, unaongeza RAM, unabadilisha SSD, unawasha TPM kwa baiosi, ile mipangilio ya ndani ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Prosesa ya laptopu huwezi kubadilisha, kwa hizi za miaka ya karibuni imechomelewa kabisa kwa bodi. Kwa Intel Core, mpaka ni jenereshoni, yaani kizazi cha prosesa, ya 8. Za 7 karibu zote ziko nje, waliruhusu chache mno.

Kusoma jenereshoni ni hivi. Bonyeza Windows na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa prosesa. Ukiona i5-6300U, namba ya kwanza baada ya kistari ni 6, hiyo ni jenereshoni ya 6. i5-7300U ni ya 7. i5-8350U ni ya 8, imepita. Namba ikianzia na 1 chukua tarakimu mbili: i5-10210U ni ya 10, i5-1035G1 pia ni ya 10, i7-1165G7 ni ya 11. Na usidanganyike na i7. Kuna watu wanalipa zaidi kwa i7 ya jenereshoni ya 6 na kuacha i5 ya 8 hapo kando, na kwa hesabu ya apdeti hiyo i5 ndio mashine.

Hizi zinazojaa Nairobi zipange hivi kichwani. HP EliteBook 840 G3 kwa kawaida ni jenereshoni ya 6, G4 ni ya 7, G5 ni ya 8. Lenovo ThinkPad T460 ni ya 6, T470 ni ya 6 ama 7, T480 ni ya 8. Dell Latitude 7480 ni ya 6 ama 7, na 7490 ndio inaingia ya 8. Lakini nimesema kwa kawaida, juu modeli moja huuzwa na prosesa tofauti tofauti, unaweza kushika G5 yenye jenereshoni ya 7 ndani, kwa hivyo jina la modeli likupeleke karibu halafu msinfo32 imalize ubishi.

Kwa AMD majina yao yanachanganya, jenereshoni haisomeki rahisi hivyo. Usikisie, pakua programu ya bure ya Microsoft inaitwa PC Health Check, inakuambia ndio ama la na sababu yake.

Hatua ya 3: Kama prosesa imepita lakini bado unaambiwa mashine haifai

Hii hutokea sana na watu wanakata tamaa bure. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc. Ikisema haioni TPM, mara nyingi imezimwa tu. Zima laptopu, iwashe ukigonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, uingie baiosi, tafuta sehemu ya usalama. Kwa Intel inaweza kuandikwa PTT, kwa AMD fTPM. Washa, hifadhi, toka.

Kisha rudi msinfo32 uangalie mstari wa BIOS Mode. Ikisema Legacy, Windows iliwekwa kwa mtindo wa zamani na Secure Boot haitafanya kazi. Windows 10 yenyewe iko na zana inaitwa mbr2gpt ya kubadilisha diski bila kufuta vitu, halafu ndio unabadilisha baiosi iende UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha. Inafanya kazi vizuri, lakini nakusihi kwanza kopi mafaili yako yote kwa diski ya nje, picha za familia na kazi za chuo hazirudi stima ikipotea katikati. Ukiona hii hatua ni nzito, mpelekee fundi na umwambie hayo maneno mawili, mbr2gpt na UEFI, anayejua kazi ataelewa, na anayekuambia lazima afute kila kitu tafuta mwingine.

Hatua ya 4: Dakika kumi za dukani

Sasa uko kwa duka, umependa mashine. Mwambie, "Boss, niwashie nione," na usikubali kuonyeshwa skrini ya mwanzo tu. Fanya winver. Fanya msinfo32. Fanya tpm.msc. Halafu ya nne ambayo wengi hawaijui: bonyeza Windows na R, andika slmgr /xpr, Enter. Ikisema Windows imewashwa moja kwa moja bila kikomo, ni dalili nzuri, juu hizi laptopu za maofisini kuanzia enzi za Windows 8 huja na leseni yake imehifadhiwa kwa baiosi. Ikikupa tarehe ya kuisha, hapo kuna mtu amepitisha njia ya mkato, ile leseni ya makampuni inayohitaji kujirudia kila siku 180. Programu za kukraki mara nyingi huzima apdeti makusudi ama zinakuja na mdudu wake. Omba waweke Windows safi mbele yako kutoka kwa faili la Microsoft, leseni ya baiosi itajishika yenyewe.

Halafu fungua mipangilio, ingia Windows Update, bonyeza kitufe cha kutafuta apdeti, tumia hotspoti yako kama duka halina wifi, kutafuta tu hakuli bandoli nyingi. Ikianza kuorodhesha apdeti, sawa. Ikileta kosa ama ukute imefungwa, uliza mbona.

Na kama mashine ni jenereshoni ya 6 ama 7, sio lazima uikatae. Kataa bei. Hiyo ni mashine ya Linux, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, nunua kama mashine ya Linux.

Hatua ya 5: Uko na Windows 10 na mashine haiwezi kwenda 11

Usitupe. Njia ziko na mimi nitazipanga venye ningefanya.

Kwanza, nunua muda. Microsoft ina mpango unaitwa ESU, unaongeza apdeti za usalama za Windows 10 kwa watu wa kawaida hadi 13 Oktoba 2026. Unaingia bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwa akaunti ya Microsoft, ama kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, ama unalipa dola 30, na leseni moja inafika hadi mashine 10 za akaunti hiyo hiyo. Chukua ile ya bure. Masharti ni uwe na 22H2, uwe umepata apdeti zote za nyuma, na akaunti yako iwe ya admini. Ingia mipangilio, Windows Update, utaona kiungo cha kujiandikisha hapo. Kisipotokea, maliza apdeti zote kwanza, restati, rudi tena. Laptopu iliyo chini ya usimamizi wa kampuni haiingii kwa huu mpango wa nyumbani, makampuni yana yao ya kulipia inayoenda hadi 2028.

Watu huchanganya hapa, juu Edge, brauza ya Microsoft, imeahidiwa kuendelea kupata apdeti juu ya Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028, na antivirusi ya Defender itaendelea kupata taarifa za virusi hadi huo mwaka. Ni msaada, lakini brauza mpya juu ya mfumo uliotoboka haitoshi. Na Office 2016 na 2019 zenyewe zilifungwa siku moja na Windows 10, angalia hiyo pia.

Pili, na hii ndio naamini ni jibu la kudumu kwa mashine nyingi za jenereshoni ya 4 hadi 7, hamia Linux. Linux Mint 22 inapata apdeti hadi 2029. Ubuntu 24.04 pia hadi 2029, na ukijisajili Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine 5, inafika 2034. Fikiria hiyo, laptopu ya 2016 inapata viraka vya usalama hadi 2034 bila kulipa hata bob.

Fanya hivi. Tafuta flashi ya GB 8. Pakua faili la Mint, ni karibu GB 3, kwa hivyo tafuta wifi ya chuo ama ya rafiki. Liandike kwa flashi ukitumia Rufus ama balenaEtcher, sio kulikopi tu kama wimbo, ukikopi tu halitawaka. Zima laptopu, chomeka flashi, washa ukigonga F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo, chagua flashi. Mint itafunguka ikiwa bado kwa flashi, haijagusa diski yako hata kidogo. Sasa jaribu kila kitu: wifi inashika? sauti inatoka? kamera je? printa yako ya kazi inaonekana? Fungua kurasa unazotumia kila siku. Ukiridhika, kopi mafaili yako nje, ndio usakinishe. Kama RAM ni 4 chukua toleo la Xfce, ni jepesi, na ukipata pesa ongeza ifike 8 juu brauza za siku hizi zinameza RAM vibaya.

Kitu kitakusumbua ni fomu za Excel zenye makro, zile amri zinazojiendesha ndani ya faili. Mint inakuja na LibreOffice, inafungua Word na Excel za kawaida bila shida, lakini fomu nzito za makro zinaweza kukataa. Kama kazi yako ni kujazia watu ritani ama hesabu za ofisi, jaribu hizo fomu kabla ya kufuta Windows. Kama ni mwanafunzi, mwandishi, mtu wa brauza na Zoom, mzazi ametafutia mtoto mashine ya shule, sioni sababu ya kukawia.

Tatu, ChromeOS Flex ya Google, bure pia, inataka GB 4 za RAM na prosesa ya Intel ama AMD ya biti 64. Ni nzuri kwa mzazi anayetaka tu brauza. Mtu wa kazi nzito itambana.

Nne ni kulazimisha Windows 11 kwa Rufus. Inawezekana, najua mafundi wanaifanya kila siku. Microsoft wanasema wazi hawahakikishi apdeti kwa mashine kama hizo, apdeti za kila mwezi huwa zinaingia lakini kupanda toleo jipya kila mwaka inabidi ufanye kwa mkono. Na kuanzia 24H2 prosesa za zamani sana kama Core 2 Duo hazibuti kabisa, juu zinakosa maagizo yanayohitajika. Kama wewe ni mtu wa kufuatilia tarehe, sawa. Kama mashine ni ya mamako kule ushago, tafadhali usimwekee.

Hatua ya 6: MacBook

Apple hawatangazi tarehe. Kila mwaka karibu Septemba wanatoa macOS mpya, na kwa kawaida viraka vinaendelea kwa hiyo mpya na mbili za nyuma yake. Kwa hivyo hesabu ni moja: tafuta macOS ya mwisho ambayo mashine inakubali, ongeza karibu miaka miwili baada ya hiyo macOS kupitwa.

Bofya tufaha kona ya juu kushoto, mstari wa kwanza, usome modeli na mwaka. MacBook Air na Pro za 2015 ziliishia Monterey. MacBook Pro 2017 iliishia Ventura. MacBook Air 2018 na 2019 ziliishia Sonoma. MacBook Air ya 2020 yenye Intel iliishia Sequoia. macOS Tahoe ya Septemba 2025 ndio ya mwisho kabisa kwa Intel, na hata hiyo inakubali Mac chache tu za Intel, kama Pro ya inchi 16 ya 2019 na ile ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne ya Thunderbolt. Baada ya hapo ni chipu za M1 kwenda mbele. Ndio maana MacBook Air ya 2020 ziko mbili na bei zisifanane: ya M1 inaendelea, ya Intel iko ukingoni. Duka likikuambia tu "ni ya 2020", uliza chipu.

Hatua ya 7: Chromebook

Hizi zimeingia Nairobi kwa wingi kutoka shule za nje na bei yake inavutia. Google walitangaza 2023 kwamba Chromebook zitapata miaka 10 ya apdeti, lakini hiyo miaka inahesabiwa tangu aina hiyo ya mashine itoke kiwandani mara ya kwanza, sio tangu ununue wewe. Ingia mipangilio, sehemu ya Kuhusu ChromeOS, fungua maelezo ya ziada, utaona mwezi na mwaka umeandikwa wazi. Ni wao tu wanaoandika tarehe hivyo, kwa hivyo hakuna kisingizio cha kutosoma. Kwa za zamani kidogo unaweza kukuta kitufe cha kukubali muda wa ziada hapo hapo. Na ikiwaka na ujumbe kwamba inasimamiwa na shule ama shirika fulani, irudishe, hata ukiifuta itajiunga tena na usimamizi wa shule yake.

Hatua ya 8: Hakikisha apdeti zinaingia kweli

Kuwa na haki ya apdeti na kuzipata ni vitu viwili. Hapa Nairobi sababu kubwa ni hotspoti ya simu. Windows ikijua mtandao ni wa kupimwa, inaacha kupakua apdeti nyingi ili isimalize data yako, na kama hutumii mtandao mwingine unaweza kukaa miezi bila hata moja. Chagua siku moja baada ya ile Jumanne ya pili, kaa mahali pana wifi, ama nunua bandoli ya usiku, ingia Windows Update, kubali ipakue, kisha restati kabisa. Kufunga kifuniko sio kurestati.

Kama nyumbani ama ofisini mko na mashine kadhaa, kwa Windows Update kuna chaguo la kugawana apdeti kati ya kompyuta za mtandao mmoja. Liwashe, mashine moja inapakua na zingine zinachota kwake, saiba yenye mashine kumi itaokoa data nyingi sana.

Acha nafasi ya angalau GB 20 kwa diski, SSD iliyojaa inakataa apdeti kubwa. Na usisahau baiosi: vyeti vya Secure Boot vya 2011 vinaanza kuisha Juni 2026, vipya vinakuja kupitia Windows Update na kwa mashine zingine vinahitaji baiosi mpya kutoka HP, Dell ama Lenovo. Ingia tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, andika namba ya siriali (serial number) ya mashine iliyo chini ya laptopu, pakua baiosi ya mwisho, na uiweke chaja ikiwa imechomekwa na betri ikiwa imejaa.

Halafu chukua simu yako, fungua kalenda, andika ile tarehe uliyoipata kwa mashine yako, na uweke ikukumbushe miezi mitatu kabla, ndio upate muda wa kukopi mafaili na kujaribu Mint kwa flashi bila haraka.